Kubadili Mlo Kuna Hatua Zake

Mume akigundulika kuwa na shinikizo la damu, wake wengi huondoa chumvi chunguni siku hiyo hiyo. Matokeo yake baba huanza kula kwa mama ntilie, na nyumbani kukaingia ugomvi.

Mwaka 1983, wanasaikolojia James Prochaska na Carlo DiClemente wa Marekani, waliochunguza watu walioacha sigara, walionesha kuwa mtu hubadilika kwa hatua. Awali haoni tatizo. Kisha hulifikiri, hujiandaa, hutenda, na hatimaye hudumisha. Kwetu Waislamu jambo hili si geni: hata pombe iliharamishwa kwa awamu, hukumu ikakamilika katika Suratul Maida.

Basi, dada yangu, asiyeona tatizo muelimishe kwa upole. Anayesitasita muulize anachohofia kukikosa. Aliye tayari mpangie siku na jambo moja tu, kama kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Aliyekwisha kuanza, familia nzima ile naye chungu kimoja. Akiteleza siku ya Idi, asilaumiwe. Kesho yake aendelee.

Tahadhari moja: subira hii ni ya mlo. Dawa alizoandikiwa na daktari hazingoji hatua yoyote. Azitumie kuanzia leo, na tumuombee kwa Allah afya njema.