Asali ya Yonathani na Kikombe Chako cha Chai

Leo nina jambo la kukiri kabla ya kuwa na neno la kufundisha.

Mwaka jana nilihubiri kuhusu Yonathani na asali. Mfalme Sauli alikuwa amewaapisha watu wasionje chakula mpaka jioni. Jeshi likaishiwa nguvu. Yonathani, ambaye hakuwa amesikia kiapo kile, akachovya ncha ya fimbo yake kwenye sega msituni, akaonja, na macho yake yakachangamka (1 Samweli 14). Nikapaza sauti: "Watu wa Mungu, achaneni na sukari ya dukani, tumieni asali! Asali imetoka kwa Mungu, haiwezi kukudhuru!" Mkapiga makofi, mkasema Amina.

Kati ya waliosema Amina alikuwa mama mmoja, mwombaji wetu wa miaka mingi. Amenipa ruhusa nisimulie, ila jina lake nalihifadhi. Mama huyu ana kisukari. Alikuwa amezoea chai bila sukari, kama alivyoelekezwa kliniki. Baada ya mahubiri yangu akanunua asali, tena hapa hapa langoni mwa kanisa, akawa anatia vijiko vitatu kwa kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Akaacha hata kudunga kidole kupima, maana alijua asali si sukari. Kiu ikaanza. Usiku akawa anaamka mara nne, mara tano kwenda choo. Kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Alipofikishwa hospitali, sukari ilikuwa 22.

Nilipoenda kumwombea, aliniangalia akasema polepole, "Pasta, si ulisema asali haina shida?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha pale pale kando ya kitanda. Leo nawaomba ninyi pia.

Nilirudi kusoma habari ile ya Yonathani, nikaona kile nilichokiruka. Kwa nini macho yake yalichangamka haraka hivyo? Alikuwa amepigana vita na tumbo ni tupu. Asali ni sukari ambayo mwili hauhitaji kazi kubwa kuimeng'enya. Inaingia kwenye damu upesi. Kumbe andiko nililolitumia kusema asali haipandishi sukari ndilo linaloonyesha mtu aliyeinuliwa na asali kwa kuonja tu! Kilichomsaidia Yonathani aliyeishiwa nguvu ndicho kilichomwangusha mama yetu ambaye damu yake tayari ilikuwa imejaa sukari.

Hebu tuhesabu. Kijiko kidogo cha sukari kina takriban gramu 4 za sukari. Kijiko hicho hicho cha asali, kwa sababu asali ni nzito, kina karibu gramu 6. Vijiko tisa vya mama yetu vilikuwa zaidi ya gramu 50 kwa siku, sawa na vijiko kumi na tatu vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku, na asali inahesabiwa humo. Ni kweli asali hupandisha sukari polepole kidogo kuliko sukari nyeupe, lakini tofauti hiyo ni ndogo, na ukiongeza kijiko umeimaliza.

Sukari nguru ni hivyo hivyo. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa yakaganda. Sukari ya kahawia nayo ni ile ile, imebakiza tu rangi na ladha ya miwa. Damu yako haiangalii rangi.

Mtaniuliza, "Pasta, na hizi za pakiti je?" Kuna stevia, majani matamu yenye asili ya Amerika Kusini, ambayo hata wakulima wa Kericho wameyalima. Kuna aspatemu na sukralosi, zinazotengenezwa viwandani. Hizi ni tamu mara mia kadhaa kuliko sukari, kwa hiyo chembe kidogo inatosha, na zenyewe hazipandishi sukari ya damu kama sukari inavyofanya. Kwa mgonjwa wa kisukari anayeshindwa kabisa kuacha utamu, ni afadhali hizo kuliko asali. Nasema wazi ili msidhani napinga kila kitu.

Lakini soma pakiti. Nyingine zimechanganywa na sukari halisi, au na dekstrosi au maltodekstrini, ambazo hupandisha sukari. Na utafiti uliotolewa mwaka 2022 kutoka Israeli, kwa watu wazima 120 wenye afya, ulionyesha kwamba sakarini na sukralosi zilivuruga jinsi miili ya baadhi yao inavyoshughulikia sukari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wasizitegemee kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwalenga ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo si sumu, na si muujiza pia.

Tena, ukitia stevia kwa chai halafu ukala mandazi nne na chapati mbili, umefanya nini? Wanga wote huo unageuka sukari tumboni. Umefunga dirisha ukaacha mlango wazi.

Na hili mlishike sana, linaokoa maisha. Mtu anayetumia insulini au vidonge fulani vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Mkimpima mkute chini ya 4, hapo stevia haimsaidii hata kidogo. Mpe sukari halisi haraka: vijiko vitatu au vinne ndani ya maji, au soda ya kawaida, au asali. Hiyo ndiyo saa ya asali ya Yonathani! Lakini akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni; mkimbize hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo, wewe unayetumia dawa hizo, usiingie kwenye mfungo kabla ya kuongea na daktari wako. Mungu hakuhesabii kuwa mwasi.

Sasa msimamo wangu kama mchungaji wenu. Mimbari si mahali pa kutangaza dawa. Kuanzia Jumapili hii, hakuna atakayeuza asali langoni akisema inatibu kisukari. Auze asali kama asali. Akina mama wa jikoni, chai ya baada ya ibada itapikwa bila sukari, na sukari iwekwe kando; anayetaka ajitilie. Na mtu asimcheke anayekunywa chungu.

Wengine wataniambia nimepoa kiroho. Hapana. Naamini Yesu anaponya leo. Lakini uponyaji hauogopi kipimo. Wale wenye ukoma waliotakaswa, Bwana aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani. Ukiamini umepona, nenda kapimwe, na daktari ndiye akuambie kama dawa ipunguzwe. Kudunga kidole si kukosa imani. Ni kukubali ukweli, na Mungu wetu ni Mungu wa kweli.

Mithali 25:16 inatuonya kuhusu asali hiyo hiyo: ukiipata, kula kiasi cha kukutosha tu. Kiasi cha mwenye kisukari si kiasi cha jirani yake. Kipimo chako ndicho kitakachokuambia chako ni kipi.

Mama yetu yuko nyumbani. Kidonda kimefunga, anapima kila asubuhi, na anakunywa chai chungu. Jana aliniambia, "Pasta, siku hizi naisikia ladha ya majani."

Tuombe. Baba, nisamehe kwa neno nililolisema bila maarifa. Linda kila mmoja anayeishi na ugonjwa huu. Wape wenye uchovu, kiu isiyoisha na vidonda visivyopona ujasiri wa kwenda kupimwa wiki hii. Katika jina la Yesu.

Kama una mzazi mwenye kisukari, mpigie leo umuulize anatia nini kwa chai. Kisha andika Amina hapa chini.