TREKTA LA GESI NA MKONO UNAOLIJAZA

Ndugu wafanya kazi,

Huko Marekani wako wenye mashamba wanaosifu sana matrekta yao ya zamani yaendayo kwa gesi ya propeni. Kampuni ya Minneapolis-Moline iliyatoa kiwandani mwaka 1941, na baada ya vita makampuni mengine yakafuata. Hata John Deere 4020, trekta lililotoka mwaka 1963, liliuzwa la petroli, la dizeli au la gesi. Baadaye dizeli ikayashinda ya gesi, lakini yako ambayo bado yanalima.

Sifa hizo si uongo. Gesi huungua safi, na oili ya injini haichafuki upesi. Lakini hesabu yao ina tundu. Galoni ya propeni ina nguvu pungufu ya galoni ya petroli kwa kama robo, basi tangi lataka kujazwa mara nyingi zaidi. Na nani hulijaza? Hapo wapiga hesabu hunyamaza.

Sisi hatunyamazi, maana kujaza gesi si kumimina petroli kwa faneli. Propeni huchemka kwenye baridi ya digrii 42 chini ya sifuri. Inakaa kama maji tangini kwa sababu imebanwa. Ikimrukia mtu humgandisha ngozi. Tangi lisipite asilimia 80, kwa kuwa jua likipanda gesi hutanuka na kutafuta nafasi. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, hujikusanya mitaroni na mashimoni ikingoja cheche moja. Sasa twauliza: trekta la miaka 60 lina mpira wa miaka mingapi? Valvu yake ya usalama ilibadilishwa lini? Mnunuzi huuliza bei. Kibarua ndiye ashikaye mpira.

Na sheria ya huko imemlinda vipi kibarua huyo? Sheria ya 1935 iliyowapa wafanya kazi haki ya kuunda vyama iliwaacha nje watu wa mashambani. Sheria ya usalama kazini ikaja mwaka 1970, lakini tangu miaka hiyo hiyo Bunge lao limezuia fedha za serikali zisitumike kuisimamia katika shamba lenye waajiriwa wasiozidi 10, ikiwa halina kambi ya vibarua. Yaani pale penye mashine kuukuu na watu wachache, ndipo mkaguzi hafiki.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Marekani. Gesi ya mitungi yetu ni ya ukoo huo huo. Tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, mahali pa kujazia gesi ambapo mamlaka ya nishati ilisema haikupapa kibali. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakaumia. Huko nako mtu alipiga hesabu ya faida akasahau majirani.

Basi twadai, kwa trekta, kwa lori na kwa mtungi: ajazaye afundishwe kwanza, apewe glavu na miwani, mipira na valvu zikaguliwe, na kuukuu zitupwe, gharama yote ailipe mwenye mali. Hapa Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa aipeleke habari kwa msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Haki hiyo itumieni. Mmoja akisema peke yake hufukuzwa. Tukisema wote, mpira mbovu ndio utakaofukuzwa.

Asiyelipia usalama asijisifu kwamba trekta lake ni rahisi. Sehemu ya bei amemwachia kibarua ailipe kwa mwili wake.

UMOJA NI NGUVU.