Kwanza mkate, kisha maneno

Nabii Elia alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena (1 Fal 19).

Ndugu zangu, mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa au mionzi huweza kupata vidonda kinywani na kichefuchefu. Chakula humkosea ladha. Nasi wanajumuiya tunamwendea na miiko: acha nyama, acha mayai, acha maziwa. Tunamwacha na njaa, tena na hofu kwamba amejiletea ugonjwa mwenyewe.

Miiko tuwaachie madaktari. Tumpelekee uji au mtori, ale kidogo kidogo, mara nyingi. Tukae naye anapokula, akilia, tusimnyamazishe. Safari ya Elia ilikuwa bado ndefu. Ya mgonjwa wetu pia.