Nguvu Imo Wapi? Maneno juu ya Hadithi za Ajabu Wasomazo Vijana

Wapo wazazi katika Mhunze na vijiji vya Kishapu wasemao kwamba hadithi zenye mazimwi, mizimu na uganga hazifai kuingia katika nyumba ya Mkristo. Wamwonapo kijana ameinamia kitabu cha namna hiyo humnyang'anya, wakasema kwamba ni uchawi uliopigwa chapa. Wapo na wengine, hasa vijana waliosoma shule za mbali, wasemao kwamba hadithi ni mchezo tu, haileti faida wala hasara, basi kila mtu na asome apendacho. Sisi twasema kwamba wote wawili wamepotea, na wamepotea mahali pamoja: hawakuuliza swali ambalo kila hadithi ya ajabu yapasa iulizwe.

Tuanze na wale wa kwanza, maana ndio wengi. Mkristo adhaniye kwamba kila jambo la ajabu lililobuniwa ni dhambi, na afungue kitabu cha Waamuzi, mlango wa 9, asome jinsi Yothamu alivyosimama juu ya mlima akawasimulia watu habari za miti iliyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Miti haineni, wala Yothamu hakuwa mwongo. Tena na aitazame Safari ya Msafiri ya John Bunyan, kitabu kilichotoka kwanza mwaka 1678 na kusomwa na Wakristo wa mataifa mengi. Mna jitu ndani yake liwafungalo wasafiri katika ngome, na wasomaji hawakuanza kuabudu majitu kwa sababu hiyo.

Na tuwaulize wazazi hao neno moja la haya. Mtoto asiyeona kitabu cha hadithi nyumbani, lakini akaona hirizi iliyofukiwa chini ya kizingiti cha duka la baba yake, amefundishwa uchawi na nani? Kitabu hunyang'anywa mchana mbele ya watu. Mganga huendewa usiku.

Sasa tulitaje swali lenyewe. Katika kila hadithi ya ajabu mna nguvu fulani, ambayo kwayo mdogo humshinda mkubwa na maskini hupata asichokuwa nacho. Twauliza: nguvu hiyo mwandishi ameiweka wapi? Ameiweka katika akili, ushujaa na huruma, mambo ambayo kila mtoto aweza kuyatafuta? Au ameiweka katika kitu, katika mzizi, katika mfupa, katika mwili wa mtu?

Huko ng'ambo swali hili labda ni la kupitisha jioni. Kwetu sisi tukaao kati ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita, si la kupitisha jioni. Ndugu wasomaji wanajua jambo tulisemalo. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa yetu ya ziwa kama wawindwavyo wanyama, kwa kuwa waganga waliwaambia wachimbaji, wavuvi na wafanya biashara kwamba viungo vyao vina nguvu ya kuleta mali. Mwezi wa Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu, iliyoketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa wilaya ya Bukombe. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2015 kwamba waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000 walipita 70. Watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakalelewa mbali na mama zao ili wapate kuishi. Wala asiwepo mtu wa kusema kwamba hayo ni ya zamani, maana mwaka 2024 mtoto wa kike asiyetimiza miaka mitatu alinyakuliwa katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akauawa.

Katika siku zile lilizuka mitaani jina la kuwaita watu hawa: "dili." Neno moja tu, na ndani yake mna hadithi nzima: ya kwamba katika mwili wa jirani yako mna utajiri. Hiyo nayo ni hadithi ya ajabu, tena haikupigwa chapa mahali po pote, na imeua watu wengi. Basi yule asemaye kwamba hadithi haina faida wala hasara, na aende Buhangija akaseme hivyo.

Kwa kipimo hiki tumevisoma vitabu viwili vya vijana, vyote vya Kiingereza, ambavyo shujaa wake ni mtoto mwenye ualbino.

Cha kwanza ni Akata Witch cha Bibi Nnedi Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria. Kilitoka mwaka 2011. Kinasimulia habari za Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa New York na kurudishwa Aba, nchi ya Nigeria. Wenzake shuleni humcheka kwa ngozi yake, na mpira wa miguu aupendao hawezi kuucheza mchana kwa ajili ya jua. Kisha agundua kwamba amezaliwa na nguvu za uganga. Yeye na rafiki zake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, wanafundishwa nguvu hizo, na mwisho wanatumwa kumkabili mwovu anyakuaye watoto na kuwaua.

Twakisifu kitabu hiki kwa haki yake. Kimeandikwa kwa ustadi, msomaji hataki kukiweka chini. Nchi ya Afrika iliyomo si nchi ya fisi na njaa tu. Ina maktaba, ina walimu wakali, ina watoto wasomao. Tena anyakuaye watoto ametajwa kuwa mwovu kabisa, bila udhuru. Na mtoto adharauliwaye kwa maumbile yake amepewa cheo cha kwanza.

Lakini nguvu imo wapi? Hapo ndipo tunapogombana na Bibi Okorafor. Katika kitabu chake, kile ambacho watu hukiita upungufu ndicho chanzo cha uwezo. Orlu asiyesoma kwa urahisi aweza kwa sababu hiyo kuufungua uganga mbaya. Na Sunny, kwa kuwa ana ualbino, ana njia ya kuingia katika mambo ya mizimu. Twafahamu kwamba mwandishi alitaka kumheshimu mtoto aliyedharauliwa. Lakini kusema kwamba mwili wenye ualbino una nguvu za siri ndiko kusema kwa yule mganga wa Geita. Yeye husema hivyo apate kuuza, na mwandishi husema hivyo apate kusifu, nalo neno ni lile lile. Tena, Sunny akiisha kuingizwa katika siri hizo, jua halimchomi tena. Mtoto wa kwetu asomaye hayo atajifunza nini? Jua la Shinyanga halina kafara. Lisilozuiwa kwa kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, huleta saratani ya ngozi, nayo imewaua wengi wasioguswa na panga la mtu.

Mtu atatujibu: "Hii ni hadithi tu, na msomaji mwenye akili hujua." Naam, msomaji wa New York hujua, kwa kuwa hakuna jirani yake aaminiye neno hilo. Mwanafunzi wa kwetu asomaye Kiingereza huku kamusi imo mkononi hukamata maajabu na kuiacha maana. Na akikifunga kitabu, hutoka nje akakuta watu wazima waaminio yale yale aliyoambiwa kuwa ni mchezo.

Kitabu cha pili ni Golden Boy cha Bibi Tara Sullivan, kilichotoka mwaka 2013. Hiki hakina uganga wa kweli ndani yake. Kina watu wauaminio, na hilo ndilo la kutisha. Habo ni mvulana wa miaka kumi na mitatu kutoka kijiji cha karibu na Arusha. Jamaa yake wanapoteza shamba, wanasafiri kwenda Mwanza, na huko anawindwa na mtu aliyekuwa akiua tembo kwa ajili ya pembe. Anatoroka mpaka Dar es Salaam, ambako mzee kipofu, mchonga vinyago, anampokea. Kwa kuwa mzee haioni ngozi yake, amjua kwa kazi ya mikono yake, naye anamfundisha kuchonga. Hapo nguvu imewekwa mahali pake: katika mikono ijifunzayo na katika mzee mwenye huruma. Mwili wa Habo si dhahabu, ni mwili wa mtoto. Twasikitika neno moja tu, kwamba msomaji wa mbali aweza kukifunga kitabu akidhani kwamba usalama wa mtoto wa kanda yetu ni kukimbilia Dar es Salaam. Wapo walimu, watawa na majirani wa huku huku waliokesha milangoni kwa ajili ya watoto hawa, nao wastahili hadithi yao.

Lakini kwa nini twende mbali? Wasukuma wanayo hadithi ya ajabu kuliko hizi zote. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha katika makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake, "Baba yuko wapi?" Akawa akileta nyumbani kila mnyama amwuaye, akiuliza kama huyu ndiye aliyemmeza baba, na mama humjibu, "Siye." Hakuchoka kuuliza, hata akalikuta zimwi lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye bibi kwa hasira akamtakia mabaya. Masala Kulangwa alimfanya nini? Alimtafutia dawa akamponya.

Tafakari neno hilo, ndugu msomaji. Katika nchi hii hii vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka yote. Na hadithi ya babu zetu yamwonyesha shujaa akimtibu bibi kizee aliyemtakia mabaya! Nguvu ya mtoto huyu haimo katika hirizi wala katika ngozi. Jina lake lenyewe lasema akili iliyo nyepesi kufahamu.

Basi shauri letu ni hili. Wazazi, msivichome vitabu wala msivinyang'anye. Mwulizeni kijana asomaye, mbele ya wadogo zake, nguvu imo wapi, naye akishindwa kujibu, someni pamoja naye. Walimu wenzetu, msiwape wanafunzi Akata Witch kama mpewavyo chakula kilichofunikwa. Fungueni kwanza, mwaonyeshe palipo na mwiba. Na ninyi vijana mnaojua kuandika, twawadai deni. Masala Kulangwa bado asimuliwa jikoni, na bibi wamjuao wanazidi kupungua. Mwandikeni kwa Kiswahili, katika kitabu kinene chenye picha, ili mtoto wa Mhunze akisome bila kamusi. Na mtakapowachora wale watu watokao tumboni mwa zimwi, mchoreni pamoja nao mtoto mwenye ualbino na bibi mwenye macho mekundu. Wote wawili na watoke wazima.