Tiba ya akili mtandaoni: Nguvu za mgonjwa au kasoro zake?

MADAKTARI wa akili ni haba nchini Kenya, na wengi wao wako mijini. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Si ajabu, basi, kwamba macho sasa yameelekezwa kwenye simu na kompyuta.

Tiba inayopelekwa mtandaoni zaidi ni ile ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na Aaron Beck nchini Marekani katika miaka ya 1960. Mgonjwa hufunzwa kunasa fikra zinazomwumiza, kuzipima kwa ushahidi, kisha kubadili mwenendo. Mwaka wa 2012, Christine Padesky na Kathleen Mooney walipendekeza njia inayoanzia upande wa pili: mtu anafanya nini vyema tayari? Mama mboga anayefungua kibanda kila alfajiri licha ya hasara ana ustahimilivu anaoweza kuuhamishia kwenye masaibu mengine.

Mtandaoni, njia ya Beck ina wepesi wake, kwani ni masomo na mazoezi yanayopangika kama kitabu cha darasani. Kutafuta nguvu za mtu ni kazi ngumu zaidi kwa mashine. Aliyezama katika mfadhaiko ndiye wa mwisho kuziona, na huhitaji mwenzake wa kumdadisi.

Hata hivyo, Kenya ina ushahidi wake. Utafiti wa mradi wa Shamiri uliochapishwa mwaka wa 2020 uliwapa vijana wa shule ya upili kikao kimoja tu cha kompyuta, kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini. Wiki mbili baadaye, dalili za mfadhaiko zilikuwa zimepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kudurusu. Hiyo si tiba ya Padesky hasa, bali ni jamaa yake wa karibu. Mwaka uliofuata, matokeo ya vikao vinne vya ana kwa ana, vilivyohusisha wanafunzi 413 na kuongozwa na vijana waliohitimu shule ya upili, yalielekea huko huko.

Siri moja iko katika lugha. Mwanafunzi akiitwa kuzungumzia ugonjwa wa akili, wenzake watamwita mwendawazimu kabla ya kengele ya chakula. Akiitwa kujifunza kukua, ataketi.

Hatari ni wanasiasa kudhani kwamba kikao kimoja kinatosha. Tafiti za kimataifa kuhusu tiba ya mtandaoni zinaonyesha kuwa kwa mwenye dalili nyepesi, kufuatiliwa na mtu hakuongezi mengi. Kwa aliyelemewa, tofauti ni kubwa. Kwake, swali la Beck au Padesky huja baada ya swali la nani atampigia simu.

Januari 2025, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Anayeandika kwenye programu kwamba amechoka kuishi sasa ana hofu moja pungufu. Kabla ya kaunti yoyote kununua programu hizo, sharti itaje zahanati na mhudumu atakayeupokea ujumbe huo, hata ukifika saa nane za usiku.