SHAMBA NA NYUMBA: Kutu Hula Plau Iliyolala

Huku Bariadi na katika Mkoa wa Simiyu wote, mkulima wa pamba aitegemea plau. Lakini wengi wetu, kazi ikiisha, twaiacha zizini na matope yake. Mvua zikirudi, chuma kimekwisha liwa.

Kutu huzaliwa pale chuma kikutanapo na maji na hewa. Matope hushika unyevu, na chumvi ya mkojo wa ng'ombe huichochea zaidi.

Basi fanyeni hivi. Iosheni plau, mkaianike juani hata ikauke kabisa. Isugueni kwa brashi ya waya, kisha ipakeni grisi, msisahau parafujo zake. Iwekeni juu ya mbao, katika banda kavu.

Mwenye trekta naye anayo dawa ya kutu, itiwayo pamoja na maji ya rejeta. Hufanya utando mwembamba juu ya chuma, maji yasikile. Lakini mara nyingi maji hayo ni sumu: yawekeni mbali na watoto na mifugo.

Kopo la grisi ni rahisi kuliko plau mpya. Fedha itakayobaki, wanunulieni watoto madaftari.