Upendo wa Shosho Haulipi Nauli

Kuna sentensi moja tunaipenda sana hapa Kenya: "Shosho atamwangalia." Mtoto ana usonji na shule ya karibu imemkataa? Shosho atamwangalia. Mama amepata kibarua Nairobi na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawezi kubaki peke yake kwa keja? Apelekwe ocha, shosho atamwangalia. Sasa mtu akisema wazee waliostaafu waende shuleni wajitolee kuwalea na kuwashauri watoto wenye mahitaji maalum, sote tunapiga makofi. Mimi pia napiga. Wazo ni poa kabisa. Ninachopinga ni bei tuliyolipachika: sufuri.

Hebu kwanza tulipe wazo haki yake. Mtoto mwenye usonji hahitaji mtu wa kuja mara moja kwa mwaka na hotuba ya kumtia moyo. Anahitaji mtu yuleyule, siku ileile, saa ileile, asiye na haraka. Mtoto anayechukua dakika 20 kufunga vifungo vya shati anahitaji mtu wa kukaa naye dakika 20 bila kumpokonya hilo shati. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana dakika hizo. Wewe na mimi, tunaosaka unga usiku na mchana, hatuna. Mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 anazo, na bado ana akili na nguvu zake.

Kisha kuna wazee ambao hatuwakumbuki kabisa: wazee wenye ulemavu wenyewe. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto kama huyo anaweza kufika darasa la sita bila kuonana na kiziwi mwenye mvi. Si ajabu akianza kujiuliza viziwi huenda wapi wakishakua. Fundi seremala mstaafu, kiziwi, aliyejenga nyumba, akasomesha watoto na kubishana na makanga kwa ishara hadi akarudishiwa chenji yake, ni jibu linalotembea. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha haiendelezwi na karatasi. Inaendelezwa na wazee wanaoongea na watoto.

Haya, sasa tupige hesabu. Huyo fundi ana miaka 63. Pesa za Inua Jamii kwa wazee huanza ukifika miaka 70, nazo ni Sh2,000 kwa mwezi. Tuseme nauli yake ni Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, siku tatu kwa wiki. Hiyo ni Sh1,200 kwa wiki nne, na mvua isinyeshe, maana mvua ikinyesha unajua vile mat hupandisha. Ongeza cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, Sh1,050. Mwezi wa kwanza tu ameshatumia Sh2,250. Ni zaidi ya hela ambazo serikali inamwambia mzee wa miaka 70 zitamtosha mwezi mzima. Na bado hajala lunchi.

Kwa hivyo nani atajitolea? Mwenye pensheni nzuri na gari. Sina ubaya naye, aje. Lakini mzee anayeishi mtaa mmoja na mtoto, anayejua lugha ya nyumbani kwao na shida za ploti yao, atabaki kwa mlango akiota jua. Na fundi wetu kiziwi, ambaye huenda hakuwahi kuandikwa kazi yenye pensheni, ndiye atakayeachwa wa kwanza.

Najua utakachosema. "Ukiwalipa, si kujitolea tena. Utaleta wenye njaa ya pesa." Kwani nauli ni mshahara? Wahudumu wa afya wa jamii walizunguka vijijini miaka mingi wakiambiwa malipo yao yako mbinguni. Mwaka 2023 serikali kuu na kaunti zikakubaliana kuwapa Sh5,000 kwa mwezi. Bado wanagonga milango, na hakuna anayesema wamepoteza moyo. Marekani ilianzisha mpango wa Foster Grandparents mwaka 1965. Wazee wenye kipato cha chini hukaa na watoto wenye mahitaji maalum, wakapewa posho ndogo na kusaidiwa nauli. Nchi tajiri namna ile haikuona aibu kukubali kwamba mzee maskini hawezi kujitolea kwa mfuko mtupu. Sisi tunaona aibu gani?

Na ubaya wa bure hauishii kwa mzee. Kitu cha bure hakiulizwi maswali. Nani atamdai cheti mtu aliyekuja kwa hisani? Nani atamwambia arudi kwa mafunzo? Mzee anaweza kuja na moyo mweupe na fimbo mkononi, kwa sababu yeye alifunzwa hivyo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini mtoto anayeziba masikio kwa sababu kelele zinamuumiza bado ataitwa mkaidi. Wapo wabaya zaidi ya huyo, na mtoto asiyeweza kuongea hawezi kushtaki. Ukimlipia mzee nauli, cheti na mafunzo, unapata haki ya kumwekea masharti: hakai na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa, hapigi, na hachukui nafasi ya mwalimu ambaye serikali ilipaswa kuajiri.

Hatuhitaji jengo jipya. Vituo vya EARC, vinavyowapima watoto hawa na kuwaelekeza shuleni, vipo tangu 1984. Viweke orodha ya wazee, viwafunze, viwafuatilie. Kaunti ilipe nauli na cheti. Basi.

Nawe ukiona picha ya shosho amemkumbatia mtoto kwenye grupu ya WhatsApp, usitume moyo kisha upite. Uliza nauli yake ya kurudi nyumbani imelipwa na nani. Wakinyamaza, uliza tena, na umtaje MCA wako.